Kitanda cha Watoto wa Msasa

Jina lake la kwenye karatasi sikuwahi kulijua. Mtaa mzima tulimwita Msasa, kwa sababu alikuwa fundi rangi asiyekubali kupaka ukuta kabla hajausugua ukawa laini kama sahani. Wateja walikuwa wakimlalamikia: "Fundi, paka tu, nani atakuja kupapasa ukuta?" Naye alijibu neno moja: "Mimi." Na kweli aliupapasa, kwa kiganja kizima, amefumba macho.

Mimi nilikuwa mpangaji mwenzake, fundi cherehani ambaye ua mzima uliniita Mama. Ua wetu ulikuwa na vyumba vinavyotazamana, bomba moja katikati na kamba za kuanikia nguo juu yake. Yeye alikuwa na vyumba viwili upande wa kushoto, mimi kimoja mkabala wake. Cherehani yangu ilikaa barazani, kwa hiyo kilichoingia na kutoka kwa Msasa nilikiona hata nisipotaka. Na niseme mapema: katika haya ninayoyasimulia, mdomo wangu nao umo.

Mkewe aliugua mwaka mzima. Ikaondoka kwanza televisheni, likafuata kabati la vyombo, yakaondoka makochi, mwisho kikaondoka kitanda cha watoto. Kila kitu kilipotolewa mlangoni Msasa alisema, "Vitu hununuliwa tena." Mama wa watoto alipofariki, mle ndani mlikuwa mmebaki godoro moja, kiti cha plastiki na makopo ya rangi. Watoto wakachukuliwa na mama yao mdogo, mhudumu wa zahanati aliyekaa ng'ambo ya mji. Walikuwa wawili: msichana wa miaka kumi, na mdogo wake wa kiume wa miaka minne. Mdogo alimwita dada yake Dada, nasi wote tukamwita Dada, hata waliomzidi umri mara nne. Huyo mdogo tulimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyekuwa wa mwisho.

Mama mdogo hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Alikuwa na wanawe watatu, akawabananisha, akawapatia hawa wawili nafasi katikati yao. Lakini masharti aliyaweka, nami niliyasikia kwa masikio yangu siku aliyokuja kuchukua mabegi.

"Shemeji, mimi sikunyimi wanao. Ila watoto hawatarudi kulala sakafuni, nguo zao ziko kwenye mifuko kama watu wa safarini. Tengeneza nyumba. Siku ikiwa nyumba, nitakuletea mwenyewe."

"Nitaitengeneza," Msasa alisema.

Ilimchukua mwaka na miezi minne, na sijaona mtu akitengeneza nyumba namna ile. Kila alikopaka rangi aliomba mabaki: nusu kopo la kijani huku, robo ya rangi ya maziwa kule, nyeupe iliyoanza kuganda. Chumba cha watoto akakipaka kijani kutoka chini hadi usawa wa kifua, juu maziwa, na mpaka wa katikati ulinyooka kama uliopigwa rula. Mbao zilizovunjika za jukwaa lake la kupandia akazikata, akatengeneza rafu. Mlango uliotupwa na tajiri mmoja aliyekuwa akibadilisha milango akausugua wiki nzima, akaufunga bawaba ukutani ukawa meza ya kusomea: ukimaliza unaikunja, chumba kinapumua.

Halafu zile ndoo kubwa za rangi, zenye vifuniko. Wengine wangezitekea maji tu. Yeye alizikwangua, akazisafisha kwa mafuta ya taa, sabuni na mchanga hadi harufu ikaisha, akazipanga chini ya rafu. Moja ya soksi na chupi, moja ya sare za shule, moja ya viatu, moja ya vitu vya kuchezea ambavyo bado havikuwepo. Kwa vile Kitinda hakujua kusoma, kila ndoo aliichora picha ya kilichomo. Soksi aliichora vizuri. Chupi ilimshinda, ikawa kama kofia.

"Msasa," nilimwambia, "huyu mtoto atavaa chupi kichwani."

Alicheka. Tangu msiba ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka. Nikamshonea mapazia kwa vipande vya vitambaa vilivyonibakia, na sikuchukua kitu.

Kilichobaki kilikuwa kitanda. Ufundi wa mbao hakuwa nao kiasi hicho, na vitanda vipya vilikuwa mbali na mfuko wake. Akaenda kwa muuza samani za mitumba, kule nyuma ya soko, akapata kitanda cha ghorofa cha mbao, kimetoka kwenye bweni la wanafunzi lililofungwa. Mbao ngumu, ngazi nzima, chaga zote zipo. Bei ilikuwa rahisi mno, naye akaona ni bahati. Kilikuja juu ya mkokoteni siku ya Alhamisi. Mama mdogo alikuwa amekwisha ambiwa kwamba nyumba iko tayari, na kwamba alete watoto Jumamosi.

Kwenye viungio vya kile kitanda, pale mguu unapokutana na ubao, palikuwa na vidoa vyeusi, vingi, kama pilipili manga iliyomwagika. Msasa aliviona. Alinieleza mwenyewe baadaye: aliviona, akadhani ni uchafu wa bweni, masizi ya taa, kitu kama hicho. Mtu ambaye hakuwahi kupaka rangi juu ya uchafu maisha yake yote, siku ile alipitisha msasa juu juu tu, akachovya brashi, akapaka. Rangi ya bluu, mara mbili. Ijumaa jioni kilikuwa kimekauka, kinang'aa.

Watoto walikuja. Kitinda alipanda ngazi akashuka, akapanda akashuka, hadi mama mdogo akasema kizunguzungu kinampata yeye. Dada hakupanda kitu. Alifungua kila ndoo, akachungulia, akafunga. Mwishoni akasimama mbele ya ile yenye kofia.

"Baba, hii ni nini?"

"Uliza jirani," Msasa akasema, na wote wakacheka, mama mdogo akiwemo. Akakagua rafu, akakagua meza, akabonyeza godoro. "Shemeji," alisema, "umefanya kazi." Akaondoka akifuta macho.

Wiki mbili zilipita vizuri. Ya tatu, Kitinda akaanza kujikuna. Vipele vitatu vitatu, vimejipanga mstari kwenye mkono na shingoni. Msasa akanunua chandarua. Vipele vikaongezeka.

Mimi nilianza kushangaa kwa sababu ya mashuka. Dada alikuwa akifua shuka karibu kila siku akitoka shule, kabla baba yake hajarudi kazini. Analoweka, anasugua sehemu ndogo ndogo kwa kidole, anaanika nyuma ya mashuka ya watu wengine. Siku moja nikamuuliza.

"Dada, kulikoni? Mashuka yanafuliwa kama ya hospitali."

"Kitinda amekojoa."

Kitinda alikuwa pembeni, anachezea kopo. Akainuka kwa hasira. "Mimi sijakojoa! Mimi sikojoi kitandani!"

"Nyamaza," Dada akasema. Na jinsi alivyosema, ni kama anamsihi. Nikaenda pale kwenye beseni nikaliangalia shuka. Vidoa vya damu, vidogo kama vya ncha ya kalamu, na vingine vyeusi. Mtu aliyewahi kuishi na kunguni haulizi mara mbili.

"Baba anajua?"

"Usimwambie, mama. Tafadhali. Kitanda alitununulia kwa shida. Na mama mdogo akijua, tutarudi kule."

"Si alikuwa anawatunza vizuri?"

"Alitutunza vizuri," alisema, na akaendelea kusugua. "Lakini baba alikuwa peke yake."

Sikumwambia baba yake. Nilidhani nafanya wema. Kumbe naye baba alikuwa amekwisha jua siku nyingi. Asubuhi moja aliinua godoro la Kitinda, akawaona wamejipanga kwenye mshono kama shanga. Akafunika. Akawa anatoroka kazini saa sita mchana, watoto wako shule, anakuja na chupa ya dawa aliyonunua kwa machinga, ananyunyizia kwenye viungio, anafungua dirisha, anatandika upya, anarudi kazini. Hakutaka watoto wajue kwamba kitanda chao kimeoza. Baba anamficha binti, binti anamficha baba, wote wawili wanapigana na mdudu yule yule kwa zamu, nami nimekaa katikati yao na cherehani, nimefunga mdomo.

Walikutana siku ya mtihani, wanafunzi walipoachiwa mapema. Dada aliingia mbio kwenda kutoa shuka, akamkuta baba yake amepiga magoti chini ya kitanda, kitambaa kimefungwa puani, chupa mkononi. Mlango ulikuwa wazi, nikawaona.

"Unafanya nini hapa saa hizi?" Msasa akauliza.

"Na wewe, baba?"

Dada akaenda upande wa pili wa godoro, akalishika pembe. Msasa akashika pembe yake. Wakaligeuza pamoja. Halafu nikamsikia msichana akisema, kwa sauti ya mtu mzima kabisa, "Hiyo dawa haiwaui, baba. Inawahamisha tu. Jana nimewakuta kwenye mapazia."

Mapazia niliyoshona mimi. Nilihisi mwili wote unaniwasha.

Jumapili iliyofuata mama mdogo akaja kusalimia. Msasa alikuwa ametoka kwenda dukani, Dada yuko bombani. Kitinda alimkimbilia, naye akamnyanyua, na mkono wa shati ukapanda. Mtoto alikuwa amejikuna hadi vidonda, vingine vimeanza kutunga usaha. Mama mdogo akaja naye hadi barazani kwangu.

"Mama, huyu mtoto ana nini? Ni ukurutu?"

Nilikuwa na pini mdomoni. Ningeweza kubaki nazo. Nikazitoa, nikasema, "Si ukurutu. Ni kunguni tu wa kile kitanda, baba yao anahangaika nao." Nilitaka kumtetea, wallahi. Nilidhani neno "anahangaika" ndilo litakalosikika.

Msasa aliporudi na mkate mkononi, alimkuta shemeji yake amesimama chumba cha watoto, godoro liko chini, tochi ya simu inamulika viungio.

"Shemeji, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii."

"Na ukaendelea kuwalaza hapo hapo."

"Ningewalaza wapi?"

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia, ungewachukua."

"Ndiyo, ningewachukua! Na ungesafisha, ningewarudisha! Kwani unadhani mimi nakusanya watoto? Nina watatu wangu, chakula chenyewe tunapimiana. Huyu mtoto ana vidonda, shemeji. Mimi nashinda nikiosha vidonda vya watoto wa watu, na wa dada yangu yuko hapa anatunga usaha mnafichana!"

Msasa bado alikuwa ameshika ule mkate. Mama mdogo akaanza kufungua ndoo, akachukua soksi, akachukua shati, kisha akarudisha vyote. Nikaelewa: hatabeba hata uzi kutoka mle ndani. "Twendeni kama mlivyo. Mtakoga kwanza, nguo nitazichemsha."

"Mimi siendi," Dada akasema.

"Dada, usinichoshe."

"Mpeleke Kitinda, ana vidonda. Mimi sina. Mimi hawaniumi sana." Alikuwa anaongopa, mikono yake ilikuwa imejaa. "Nikienda mimi, baba atabaki na nani?"

Nadhani kama mama mdogo angesisitiza, msichana angekwenda. Hakusisitiza. Akamshika Kitinda mkono. Kitinda akamwangalia baba yake.

"Nitarudi kesho?"

Msasa alichuchumaa, akamfunga vifungo vya shati, ambavyo vilikuwa vimekwisha fungwa vyote. Akamfunga kimoja kimoja, akifungua na kufunga upya. "Utarudi," alisema. Hakutaja lini.

Walipoondoka alikuja hadi barazani kwangu. Nilijiandaa kwa matusi, na yangenistahili. Aliniuliza tu, "Mama, una sufuria kubwa?"

Jumatatu hakwenda kazini, na Dada hakwenda shule. Saa nne asubuhi, jua limesimama, ua umejaa watu, alitoa kila kitu nje. Kile alichokuwa akikificha kwa wiki tatu alikianika mbele ya macho ya wote: magodoro, mapazia, rafu, ndoo, nguo. Kitanda akakitoa vipande vipande. Muuza mkaa wa chumba cha mwisho akaweka mikono kiunoni.

"Kumbe hii ndiyo zawadi uliyotuletea?"

"Ndiyo," Msasa akasema. "Naomba radhi. Kila mtu akague kitanda chake, leo, jua likiwa kali."

Nilikagua changu. Kwenye mshono wa godoro niliwakuta watatu, na mmoja kwenye vitambaa vya wateja. Kitambaa cha harusi ya mtu! Nilipandwa na hasira ambayo hata leo inanitia aibu. Nilimwazima sufuria, ndiyo, lakini sikumsemesha kwa siku nne. Nilisahau kabisa kwamba nilikuwa nimejua kabla ya majirani wote, nikanyamaza.

Jumatatu ile ile Msasa alichukua karatasi ya msasa, akaanza kusugua mguu wa kitanda. Alisugua palepale kwenye kiungio. Bluu ikatoka, ikatoka nyeupe ya bweni chini yake, ikatoka mbao, na ufa ukafunguka, na kunguni wakamiminika. Muuza mkaa akaruka nyuma. Dada akasogea na birika la maji yanayochemka, akamimina bila kutetemeka. Baba akifungua kiungio, binti anamimina. Kwenye kiungio cha nne Msasa akaacha. Akauweka msasa chini.

"Kimekwisha hiki," alisema. "Hakisafishiki."

Walikichoma nje ya ua, kwenye kiwanja kitupu. Rangi ilipowaka ilitoa moshi mweusi wa kuchefua, watu wakafunga madirisha. Yeye alisimama karibu hadi mwisho, akisukuma vipande ndani kwa fimbo. Godoro la Kitinda nalo lilikwenda motoni. Vya kuchemshwa vilichemshwa, vyote vikaanikwa siku tatu, na nyufa zote za ukuta wa kijani akaziziba kwa gundi na chokaa, moja moja.

Kwa miezi mitatu, yeye na Dada walilala kwenye mikeka sakafuni. Yaani kile kile mama mdogo alichokataa tangu mwanzo. Kila asubuhi waliinua mikeka, wakaikung'uta, wakakagua sakafu. Sisi wapangaji nasi tulichemsha na kuanika, tukilaumiana, hadi ua ukapona. Msasa alikonda. Jumamosi alikwenda kumwona Kitinda, akirudi alipita bila kusalimia mtu. Siku moja Dada aliniambia kwamba mtoto amemwita mama mdogo "mama", mbele ya baba yake, akiomba maji. Hakukusudia. Mama mdogo alijifanya hakusikia.

Mwezi wa nne Msasa alikwenda kwa seremala wa barabara kuu, akamwomba kazi ya kupaka karakana yake ndani na nje, na malipo yawe vitanda viwili vidogo vya mbao mpya. Alipaka wiki mbili. Vitanda vilikuja vyeupe, vinanukia maranda. Nilimuuliza atavipaka rangi gani.

"Sivipaki," alisema. "Nataka nione kila kitu."

Alivisugua tu, akavipapasa pande zote. Kisha akaenda kumchukua mtoto, na akarudi peke yake. Vidonda vilikuwa vimepona, lakini Kitinda alikuwa amejificha nyuma ya mlango akilia kwamba hataki kitanda cha kuuma. Mama mdogo ndiye aliyembembeleza, akashindwa, akamwambia Msasa, "Shemeji, tusimvute. Nitamleta Jumamosi ashinde tu. Siku akitaka kulala, atalala."

Walikuja Jumamosi. Kitinda aliingia chumbani ameshika sketi ya mama mdogo. Dada akamwita kwa ishara, wakapiga magoti wawili, akamwonyesha jinsi ya kukagua: unapitisha kidole kwenye kiungio, unamulika, unainua chaga. Mtoto akafanya hivyo, kiungio kwa kiungio, polepole, amekunja uso kama mkaguzi wa serikali. Sisi watu wazima tulisimama mlangoni, hakuna aliyethubutu kumharakisha. Msasa alikuwa ameegemea fremu, kiganja kimeshika ubao.

"Hamna," Kitinda akasema mwishowe. Akafikiri kidogo. "Leo hamna."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, viatu bado miguuni. Jioni aliondoka na mama mdogo. Ilikuwa hivyo Jumamosi tisa. Ya kumi alivua viatu mwenyewe, akaomba shuka, na mama mdogo akarudi kwake bila mtoto. Alipita barazani kwangu bila kusimama, akatembea haraka hadi getini, na kule alisimama muda mrefu, ametugeuzia mgongo.